Ngoma ya Goretti

Mugalula hakuja kusikiliza muziki. Alikuja kumwona mwanamume mmoja, amtazame vizuri, ajue ana nini ambacho yeye hana.

Aliingia katika ukumbi wa shule ya masista amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, fimbo mkononi, kama mtu anayekwenda kuposa. Dada yake Veneranda alimfuata nyuma, akijipepea kwa ncha ya mshipi wa gomesi lake, lile vazi refu la wanawake wa Buganda. Wazazi walikuwa wamejaa tele, kutoka Masaka mjini na kutoka Kalungu, na akina mama waliokosa viti walikuwa wametandika mikeka kando ya ukuta. Ndugu hao wawili walipata nafasi safu ya katikati.

"Yuko wapi?" Mugalula aliuliza.

"Usinyooshe shingo kama kuku aliyeona mwewe," Veneranda alimwonya. "Tazama jukwaani, lakini kama hutazami. Yule anayekaza ngozi ya ngoma. Shati la kijani."

Mugalula alitazama. Mwalimu wa muziki alikuwa mrefu, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Alikuwa akicheka na watoto, na kila alipocheka ulionekana mwanya katikati ya meno yake ya mbele.

"Ni kijana tu," alisema.

"Kijana mwenye mwanya," Veneranda alijibu. "Na sauti je? Hujamsikia akiimba. Akianza yeye, wanawake husahau chungu motoni."

"Dada, umekuja kunipa moyo au kunitoa?"

"Nimekuja uone kwa macho yako. Nilipokuambia ulisema ni umbeya wa kisimani. Haya, kila Jumamosi mkeo yuko hapa. Mazoezi, anasema. Mtoto anafanya mazoezi, sawa. Mama yake anafanya nini?"

Mugalula aligeuza macho jukwaani. Na hapo hapo, kana kwamba ameitwa, Restituta alitokea upande wa jukwaa.

Alikuwa amevaa gomesi la rangi ya zambarau ambalo mumewe hakulijua. Hilo lilimuuma kwanza. Mwanamume huyajua magomesi ya mkewe, kwa kuwa yeye ndiye ananunua. Gomesi usilolijua ni kama barua isiyo na jina la mwandishi. Restituta alimwendea mwalimu, akamwambia neno, na kisha, mbele ya ukumbi mzima, akanyoosha mkono akampangusa vumbi begani. Mwalimu akasema kitu. Restituta akacheka.

Kicheko hicho Mugalula alikijua. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamfanya mwanamke yule aegemee kitu chochote kilichokuwa karibu. Zamani kilichokuwa karibu ni bega la Mugalula. Tangu mavuno ya kahawa yaliyopita hakukisikia, na sasa kilikuwa kinatolewa bure, mchana kweupe, kwa shati la kijani.

Ugomvi wao chanzo chake kilikuwa ngoma. Binti yao Goretti alirudi kutoka shule na ngoma ndogo aliyopewa akafanyie mazoezi, akawa anaipiga ghalani, nyuma ya magunia ya kahawa. Wanaume waliokuwa wanangoja zamu kwenye mashine yake ya kukoboa walisikia, wakacheka. "Mugalula, kwako wanawake ndio wapiga ngoma? Kesho watapanda na paa kuezeka?" Mugalula alikuwa mtu anayeheshimiwa. Kicheko kile kilimwingia kama mwiba wa samaki. Aliingia ghalani na kisu cha kufungulia magunia, akaipasua ngozi ya ngoma mbele ya mtoto.

Goretti hakulia. Alimtazama tu. Aliyelia ni mama yake, na asubuhi yake Restituta alifunga mzigo, akamshika binti mkono, akarudi kwa wazazi wake, kama afanyavyo mke aliyechoshwa. Kila Muganda anajua lifuatalo. Mume huenda ukweni na mbuzi na pombe, huketi chini kwenye mkeka, husemwa mpaka jasho limtoke, hulipa faini, kisha hupewa mkewe. Lakini Mugalula alisema, "Aliondoka kwa miguu yake, na atarudi kwa miguu yake." Neno hilo alilisema mbele ya watu, na neno lililosemwa mbele ya watu ni gumu kulimeza. Miezi ilipita. Chakula alichopikiwa na Veneranda kilikuwa na chumvi nyingi. Kitanda kilikuwa kipana.

"Anakuja," Veneranda alinong'ona. "Kaa wima."

Restituta alikuwa amewaona. Alipita kati ya viti taratibu, akafika mbele ya mumewe, akapiga magoti kwenye saruji kama inavyompasa mke, akamsalimu kwa maneno yote ya salamu bila kupunguza hata moja. Magoti yake yalikuwa chini, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Sikujua kama utakuja, Baba Goretti."

"Ningealikwa ningejua kama nimealikwa."

"Mtoto alikuandikia."

"Nilidhani ni barua ya karo, sikuifungua."

Restituta aliinuka, akakung'uta magoti. Alikuwa amepungua kidogo mashavuni, na jambo hilo lilimfanya awe mzuri zaidi, na Mugalula alimchukia kwa dakika ile kwa kuwa mzuri mahali ambapo yeye hakuwapo.

"Gomesi jipya," alisema.

"Ndiyo."

"Nani kalinunua?"

"Baba yangu. Ulidhani nani?"

"Mimi sidhani. Mimi naona. Nimeona vumbi likipanguswa. Huyo mwalimu hana mikono yake mwenyewe?"

Restituta alimtazama kama mtu anayetazama sufuria inayokaribia kufurika. "Masta Silva? Yule ni kaka yangu."

Veneranda aligeukia dirishani akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

"Kaka!" Mugalula alisema. Alijaribu kushusha sauti, ikakataa. "Baba mkwe ana watoto wa kiume wawili, na wote nawajua, na wote wana vipara. Huyu kaka alizaliwa lini? Restituta, neno hilo limewazika wanaume wengi. Kila mwanamke mwenye jambo lake ana kaka."

"Basi," Restituta alisema polepole. "Basi, Baba Goretti. Nilitaka kukueleza, lakini sasa sitaki. Kaa hapo na wivu wako. Ukikusumbua, uupakate."

Akaenda zake. Mugalula alibaki anaitazama migongo ya watu.

Jirani yake wa kulia, mzee mmoja mnene mwenye kofia, alikuwa amesikia yote na aliona vema kumfariji. Alimnyooshea karatasi iliyokunjwa kama faneli, ndani yake panzi wa kukaanga. "Chukua senene, ndugu yangu. Wamekaangwa na vitunguu. Msimu huu ni wanono."

"Asante. Mimi ni wa ukoo wa Senene. Hatuwali ndugu zetu."

"Lo! Samahani," mzee alisema, akaificha karatasi upande wa pili kwa heshima. "Basi sitafuni mbele yako. Nitangoja taa zizimwe."

Tamasha lilianza. Watoto wadogo waliimba wimbo wa mvua, wakasahau ubeti wa pili, wakarudia wa kwanza kwa nguvu zaidi. Wakubwa walicheza ngoma ya kiunoni, na akina mama kwenye mikeka wakapiga vigelegele. Mugalula hakuona kitu. Macho yake yalikuwa na kazi moja, kulifuata shati la kijani kokote liendako.

Kisha Sista Mkuu akatangaza kwamba wazazi nao wamejifunza, na kwamba mama mmoja atapiga madinda pamoja na mwalimu. Vijana walileta zile mbao ndefu zinazogongwa kwa vijiti, wakazipanga juu ya vigogo vya migomba. Masta Silva akaketi upande mmoja. Upande wa pili, uso kwa uso naye, akaketi Restituta.

"Mama yangu mzazi," Veneranda alisema.

Mugalula hakujua kwamba mkewe anaweza kupiga madinda. Kisu kile kwenye ngozi ya ngoma hakikuwa kikali kama ugunduzi huo. Miaka yote ile ya kula pamoja, kulala pamoja, kuhesabu mvua pamoja, na mikono ile ilikuwa na jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

Mwalimu alianza. Kisha Restituta akaingia. Madinda hayapigwi na mtu mmoja. Mmoja hupiga, na mwenziwe huingiza pigo lake katika nafasi iliyoachwa, haraka, bila kugongana, mpaka msikilizaji asijue ni wa nani mkono upi. Hakuna kati yao aliye na wimbo mzima. Wimbo uko katikati. Restituta hakuwa anaitazama mikono yake. Alikuwa anamtazama Silva, na Silva anamtazama yeye, na kila mmoja alijua mwenziwe anakwenda wapi kabla hajafika. Mzee wa senene alikuwa ameacha kutafuna.

"Hata mimi na marehemu mume wangu hatukuwahi kutazamana hivyo," Veneranda alinong'ona. Kwa mara ya kwanza hakusema kwa uchokozi. Alisema kwa huzuni, na hilo ndilo lililomwinua Mugalula kitini.

Makofi yalipolia yeye alikuwa tayari amesimama kwenye njia ya katikati, fimbo mkononi, anakwenda mbele. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kufika. Angefika, angesema lolote litakalokuja, na kama halikuja angetumia fimbo.

Alikuwa amefika karibu na safu za mbele Masta Silva aliposhika ngoma kubwa, akaisimamisha katikati ya jukwaa.

"Mabibi na mabwana," mwalimu alisema, "sasa ni zamu ya ngoma. Wanaopiga leo ni wasichana. Wako watakaonung'unika, nawaomba wanung'unike kwa kufuata mapigo. Na kwa kuwa ngoma ina wenyewe, kila atakayeigusa atajitaja kwanza, kama walivyojitaja babu zetu. Naanza mimi. Hapa mnaniita Masta Silva, kwa sababu nililelewa Jinja na huko nikalizoea jina hilo. Lakini mimi ni Silvesta Mbajja, mwana wa Kasirye, mjukuu wa Lwanyaga. Mimi ni wa ukoo wa Kakakuona!"

Akaupiga mdundo wa ukoo wake, na watu wa Kakakuona waliokuwa ukumbini wakaitikia kwa kelele. Sauti iliyopanda juu kuliko zote ilikuwa ya Restituta.

Miguu ya Mugalula ilisimama yenyewe.

Kakakuona. Ukoo wa mkewe. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama babu zao hawakuonana hata siku moja. Kuoana kwao ni mwiko, na hata kulitaja jambo kama lile alilokuwa analiwaza tangu asubuhi ni aibu ya kumfanya mtu mzima ahame kijiji. Restituta alisema kweli. Yule alikuwa kaka yake. Na kama ni kaka yake, basi ni shemeji wa Mugalula, mtu wa kupewa jogoo na heshima, na hapa Mugalula alikuwa amemjia na fimbo.

Silva alimwona. Ukumbi wote ulimwona.

"Aa!" mwalimu alisema, na ule mwanya ukaonekana. "Namwona shemeji yangu. Wengine wanakaa nyuma, yeye amekuja mwenyewe mbele kuwasalimu wakwe. Mpeni kiti, jamani, mpeni kiti!"

Watu walipiga makofi. Mugalula aliinamisha kichwa, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya zaidi ya hilo, na akakalishwa kwenye kiti cha safu ya kwanza, karibu na Sista Mkuu, jasho likimtiririka ndani ya kanzu. Ajabu ni kwamba wivu haukuondoka. Alingoja uondoke. Sababu yake ilikuwa imekufa mbele ya macho yake, lakini wenyewe ulibaki umekaa palepale kifuani. Ndipo alipoelewa kwamba hakuwa anamwonea wivu mwanamume. Aliwaonea wivu mkewe na binti yake kwa furaha waliyokuwa wameijenga nje ya mlango wake.

Kisha Goretti akatoka.

Alikuwa amerefuka. Kitambaa cha magome ya mti kilikuwa kimefungwa juu ya sare yake, na fimbo mbili za kupigia zilikuwa mkononi. Alikuja mpaka mbele ya ngoma, akainua uso kuwatazama watu, na aliyemwona kwanza, karibu kiasi cha kumgusa, alikuwa baba yake.

Mikono ya mtoto ilishuka.

"Mimi ni Goretti," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi ni Goretti, binti wa..."

Akazigeuza zile fimbo mkononi.

"Endelea, mwanangu," Silva alimwambia taratibu.

"Binti wa..."

Hakuweza. Na Mugalula alijua kwa nini hawezi. Mtoto hakusahau jina. Alikuwa anamtazama mtu aliyepasua ngoma, na alikuwa anauliza kwa macho kama ana ruhusa ya kulitaja jina lake akiwa amesimama mbele ya ngoma nyingine. Ukumbi ulianza kunong'ona. Restituta alikuwa pembeni mwa jukwaa, mkono mdomoni, na hakuwa anamtazama Goretti. Alikuwa anamtazama yeye.

Wale wanaume wa mashineni nao walikuwa humo ndani. Alikuwa amewaona wakati anaingia.

Mugalula alisimama.

"Binti wa Mugalula!" alisema, kwa sauti ile anayowaita nayo wapagazi kutoka ng'ambo ya uwanja. "Mjukuu wa Kalanzi! Kitukuu cha Mugenyi! Ni wa ukoo wa Senene! Piga, mama, piga!"

Goretti alimtazama kitambo kimoja tu. Kisha akapiga.

Ulikuwa mdundo wa Senene, ule ule aliousikia Mugalula kwenye mazishi ya baba yake na kwenye arusi yake mwenyewe, lakini hakuwahi kuusikia hivi. Mikono ile midogo iliukamata mwanzo, ikaulegeza, ikaurudisha kwa kasi, ikaongeza madoido ambayo wazee hawakuyajua lakini wangeyakubali. Watu wa Senene waliinuka kila pembe ya ukumbi. Veneranda aliinuka, akafunga mshipi vizuri, akaanza kucheza huko huko katikati ya viti, akipiga kelele, "Huyo ni wa kwetu! Mimi ni shangazi yake! Nimemlea kwa mikono hii!" Hakuwa amemlea hata wiki moja.

Na Mugalula, mtu anayeheshimiwa, mwenye mashine ya kukoboa kahawa, alijikuta anacheza mbele ya masista, koti likipepea, fimbo ameitupa hajui wapi. Kitu kilikuwa kimepasuka ndani yake, na kilichotoka hakikuwa hasira. Alicheka kwa sauti. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni naye anacheka.

Nje, chini ya jua la alasiri, wazazi walikuwa wanatafutana na watoto wao. Goretti alimpigia baba yake magoti, naye akamwinua kabla hayajagusa chini, akamshika uso kwa mikono miwili. Mtoto akakimbilia kwa wenzake. Masta Silva alipita, akasema, "Shemeji, jogoo wangu awe mwekundu," akapita bila kungoja jibu.

Wakabaki wao wawili.

"Gari liko pale," Mugalula alisema. "Leteni mizigo, twende nyumbani."

"Mizigo iko kwa baba yangu," Restituta alisema. "Na mke aliyerudi kwao hachukuliwi uwanjani kama gunia. Unaijua njia."

"Watanisema."

"Watakusema sana."

"Baba yako atanikalisha mkekani mpaka miguu ife ganzi."

"Mama ndiye mbaya zaidi. Na usimlete Veneranda."

Alikuwa karibu atabasamu, lakini alijizuia. Mugalula alitazama huku na huku. Wale wanaume wa mashineni walikuwa wamesimama si mbali, wakijifanya wanatazama pikipiki. Aliwaacha watazame.

"Restituta. Nina ombi."

"Sema."

"Kile kicheko. Ulichocheka mle ndani kabla ya kuanza." Alishusha sauti. "Usikicheke tena na mtu yeyote mpaka nije."

Restituta aliweka mkono kiunoni.

"Baba Goretti, mimi nilidhani unaniomba radhi. Hiyo si radhi. Huo bado ni wivu."

"Najua," alisema. "Ndio nilio nao leo. Radhi nitaileta Jumapili."

Restituta aligeuka upesi, akavuta mkunjo wa gomesi mpaka mdomoni, lakini alikuwa amechelewa: kicheko kilikuwa kimeshaanza kupanda kutoka tumboni, na pale uwanjani hapakuwa na kitu karibu cha kuegemea ila Mugalula.